Sakafu ya chumba cha chini chenye unyevu: mbao au marumaru?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, Mbeya mjini, upande wa Loleza. Kuna chumba cha chini, mita 4 kwa 3.5, ambacho ukuta wake wa nyuma umeegemea udongo. Sakafu ni saruji tupu. Ikifika Desemba inageuka rangi na kuwa nyeusi, na kapeti ya plastiki imeota ukungu kwa chini. Tunataka kiwe sebule ya wageni. Mume wangu anataka mbao, fundi anasema marumaru za kung'aa. Tuweke nini?

Jibu: Dada, usinunue chochote kabla ya kujua maji yanatoka wapi. Kata nailoni ngumu, nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, uiache saa 24. Fanya hivyo mvua zikiwa zimekolea. Ukipima Agosti utadanganyika. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni hewa yenye unyevu inayokutana na sakafu baridi, na hapo dawa ni dirisha.

Kwa maelezo yako, nashuku ardhi. Basi anzeni nje. Upande wa juu wa mteremko chimbeni mfereji unaoshuka chini ya usawa wa sakafu, lakini usipite kitako cha msingi. Lazeni bomba la inchi 4 lenye matundu, likishuka sentimita 1 kila mita, lizungukwe na kokoto, na litoe maji kando ya nyumba. Maji ya bati nayo yasimwagike hapo. Ardhi ikiendelea kusukuma maji, hakuna sakafu itakayodumu, hata ya bei mbaya.

Ndani, tandikeni nailoni ya geji 1000 (kipimo cha unene) juu ya sakafu iliyofagiliwa ikawa safi. Vipande vipishane sentimita 30 na vibandikwe, kingo zipande ukutani sentimita 15. Juu yake mwageni zege la sentimita 7, uwiano 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), kwa kokoto ndogo. Kwa chumba chenu ni kama mita 1 ya ujazo, yaani mifuko 6 hadi 7 ya saruji. Mwagilieni siku 7, kisha subirini angalau wiki nne. Mafundi hupenda kuruka hatua hii ya kusubiri, na ndiyo maana unaona chumvi nyeupe ikichomoza kwenye maungio ya marumaru mpya.

Sasa urembo. Mbao halisi sizishauri: paini ya Sao Hill ni nzuri kwa dari, lakini juu ya zege la chini ya ardhi itavimba na kupinda. Lamineti, yaani mbao za kiwandani, ni mbaya zaidi, kwa sababu kiini chake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Kingo zikishanywa maji hazirudi. Marumaru za kung'aa huteleza zikilowa. Chukueni marumaru ya porselini isiyong'aa yenye mchoro wa mbao: haizidi asilimia 0.5 ya kunywa maji, na mume wako atapata sura anayoitaka. Nunueni mita za mraba 15.4, yaani 14 na asilimia 10 ya vipande vya kukata, zote zenye namba ileile ya uzalishaji, maana rangi hutofautiana.

Gundi iwe ya saruji, mifuko 4 ya kilo 25, ipakwe kwa mwiko wenye meno. Mkataze fundi kuweka madonge matano tu ya gundi na kubandika. Gundi ikikauka, gonga kila kipande kwa kidole: kikilia kama mtungi mtupu, kuna uwazi chini yake, na maji yatatuama humo. Kipande hicho king'olewe kabla ya grauti, yaani saruji ya kuziba maungio.

Bajeti ikibana, zege hilohilo lipigwe niru nyekundu (uji wa saruji wenye rangi) na kung'arishwa kwa nta. Hupendeza kuliko watu wanavyofikiri.

Kumbukeni pia kimo: zege, gundi na marumaru hupandisha sakafu karibu sentimita 9. Pimeni fremu ya mlango kabla ya kuita fundi, maana mlango utakatwa chini na kizingiti kubadilishwa.