Ufa kwenye bomba kuu la mvuke: presha iko sawa, unene uko sawa, tatizo ni nini?

SWALI: Mhandisi, salaam. Mimi ni fundi wa matengenezo kwenye kituo cha kufua umeme kwa mvuke. Bomba letu kuu ni la chuma chenye kromiamu asilimia 2.25 na molibdeni asilimia 1. Mvuke wake una nyuzi 540 za Selsiasi, na limetumika zaidi ya miaka 20. Zamani mtambo uliwaka miezi mfululizo. Siku hizi tunauzima na kuuwasha karibu kila wiki. Tumekuta ufa upande wa nje, unaolizunguka bomba, pembeni kidogo mwa mshono wa weldingi. Unene haujapungua. Presha haijawahi kuvuka kikomo. Je, huu ni mtambao wa chuma (kurefuka polepole kwa joto na mkazo) au ni uchovu (kuchoka kwa mkazo unaokuja na kuondoka mara nyingi)? Msimamizi anataka tusage ufa, tulehemu, tuwashe.

JIBU: Salaam, fundi. Kwa maelezo yako naona zaidi dalili za mtambao, na mshukiwa wangu wa kwanza ni hanga zinazolibeba bomba.

Nimeanza na mwelekeo wa ufa. Presha ya ndani hulitanua bomba kwa mzunguko kwa mkazo ulio mara mbili ya ule unaolivuta kwa urefu. Kama presha ndiyo ingekuwa mkosaji peke yake, bomba lingepasuka kwa urefu. Ndivyo ilivyokuwa katika kituo cha Mohave, Nevada, Marekani, Juni 1985: bomba la mvuke uliopashwa upya lilifunguka kwenye mshono wake wa urefu na kuua watu 6. Ufa wenu unazunguka. Maana yake kuna kitu kinalivuta au kulikunja bomba, nacho geji ya presha haikioni.

Bomba la aina hiyo likitoka baridi hadi nyuzi 540 hurefuka karibu milimita 7 kwa kila mita. Hanga za springi zipo ili zilibebe huku zikiliacha lisogee. Kila moja ina kibao chenye alama mbili, mahali pa baridi na mahali pa moto. Pandeni mtambo ukiwa umewaka, mwandike mshale wa kila hanga uko wapi, kisha mrudi ukiwa umepoa. Mtakuta nyingine imegonga mwisho wake. Hutokea pia hanga ikakutwa na pini ya usafirishaji ambayo haikuchomolewa tangu bomba lifungwe, na kwa miaka yote hiyo springi haijafanya kazi hata kidogo.

Sasa mtambao wenyewe. Chuma kikikaa kwenye joto kali huku kimebeba mkazo, huendelea kurefuka polepole hata kama mkazo ni mdogo. Matundu madogo sana huota kwenye mipaka ya punje zake, yaani fuwele ndogo zinazokiunda chuma, yakajipanga mstari, yakaungana kuwa ufa. Ukanda mwembamba ulioungua pembeni mwa weldingi ndio dhaifu zaidi, na ndipo ufa wenu ulipo. Hakuna chuma kilicholika, kwa hiyo kipimo cha unene hakina cha kusema hapa. Nashangaa bado kuna vituo vinavyohesabu kipimo hicho kuwa ukaguzi kamili wa bomba la moto.

Badala ya rekodi za presha, chimbueni rekodi za joto. Tuchukue fomula ya Larson na Miller ya mwaka 1952, ya kukadiria chuma kitadumu saa ngapi kwenye joto: halijoto kwa kelvini, mara 20 jumlisha logi ya saa. Bomba linaloweza kudumu saa 100,000 kwa nyuzi 540 (kelvini 813) linatupa 813 × 25, yaani 20,325. Pandisha joto nyuzi 10 tu, ugawe kwa 823: unapata 24.7; toa 20, inabaki 4.7, ambayo ni logi ya saa kama 50,000. Nusu ya uhai imekwenda, na opereta hakuona taa nyekundu yoyote.

Uchovu siuachi huru. Maji yaliyobaki bombani yakikutana na ukuta wa moto wakati wa kuwasha, uso wa ndani hupoa ghafla, na kila nyuzi 1 ya tofauti huweza kuleta mkazo wa karibu megapaskali 3. Nyuzi 50 ni megapaskali 150. Lakini nyufa za namna hiyo kwa kawaida huanzia ndani, penye matundu yaliyotobolewa ukutani au unene unaobadilika, nyingi kwa pamoja, zimejaa kutu ya moto. Kwa hiyo pimeni na upande wa ndani kwa altrasoniki (mawimbi ya sauti). Mkikuta vyote viwili, msihesabu kila kimoja peke yake: mtambao na uchovu vikikutana, chuma hufa mapema kuliko hesabu zote mbili.

Uthibitisho ni replika, yaani nakala ya uso wa chuma kwenye filamu. Ondoeni tabaka la juu, ng'arisheni pembeni mwa weldingi hadi ing'ae kama kioo, pakeni asidi hafifu ya nitriki iliyochanganywa na alkoholi, bandikeni filamu ya asetati, kisha itazameni kwa hadubini. Fanyeni hivyo kwenye mishono mingine ya laini hiyo pia. Matundu yaliyotawanyika ni ya kufuatilia, yaliyojipanga mstari ni ya kupangia ukarabati.

Kuhusu kusaga na kulehemu juu yake, mwambie msimamizi hapana. Chuma cha jirani chenye matundu kitabaki palepale, na weldingi mpya itaunguza ukanda mwingine ndani ya chuma kilichochoka. Msiwashe. Kateni kipande chote, ufa mwende nao maabara, mfunge kipande kipya na kukipasha baada ya kulehemu, karibu nyuzi 700. Kabla ya kukata, zuieni springi za hanga zote zisisogee na mzishike ncha za bomba kwa minyororo, kisha wekeni alama pande zote mbili. Bomba likiachana, pimeni ncha zimehama kiasi gani na kuelekea wapi. Kipimo hicho ndicho kitakachowaambia hanga ipi ya kuanza nayo.