Je, Ni Dhambi Kuomba Muuaji Asiwe Muislamu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni fundi wa kushona, kibaraza changu kiko karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Redio yangu inaongea kutwa. Ikitangazwa kwamba bomu limelipuka mahali, au mtu kamiminia watu risasi, nalishika gurudumu la cherehani lisimame ili nisikie jina la muuaji. Waliokufa ni wangapi, hata ukiniuliza jioni sikumbuki. Likitajwa jina la kizungu nashusha pumzi na kusema alhamdulillah. Likitajwa jina la kwetu naona aibu kama vile nimefanya mimi. Jirani yangu, mama mmoja Muanglikana anayeuza mboga, mtu mwema kabisa, huwa anasema, "Wenzenu wamefanya tena." Mume wangu ananiambia nimjibu kwamba yule si Muislamu, yaishe. Sheikh, ile alhamdulillah ina dhambi? Na je, natakiwa kumwomba jirani yangu radhi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na la radhi, maana jibu lake liko wazi: huna radhi ya kuomba. Allah amesema katika Surat Al-An'am, aya ya 164, kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Anayeomba radhi anakiri kwamba ana mkono katika jambo. Wewe hukumtuma mtu yule, humjui, hukumpa hata shilingi, na habari zake umezisikia redioni kama alivyozisikia jirani yako.

Wapo wanaosema kila Muislamu lazima ajitenge hadharani na kila muuaji, na ushahidi wao ni kisa cha Khalid bin Walid. Mtume (s.a.w.) alimtuma kwa kabila la Banu Jadhima. Watu wale wakataka kusilimu lakini hawakulitamka vizuri tamko lenyewe, Khalid hakulikubali, na mateka wakauawa. Habari ilipomfikia Mtume aliinua mikono, akasema mara mbili kwamba anajitenga mbele ya Allah na alichokifanya Khalid. Hadithi hii imo katika Bukhari. Waandishi wa sira wanaongeza kwamba alimpa Ali mali aende kulipa diya, yaani fidia ya damu, na Ali akalipa kila kilichoharibika, hadi chombo cha kunyweshea mbwa.

Kisa ni sahihi, ila tazama aliyejitenga ni nani. Ni yule aliyetuma. Khalid alikwenda kwa amri ya Mtume, kwa hiyo aliyempa amri ndiye aliyepaswa kusema na kulipa. Kwa kipimo hicho, wanaopaswa kusema leo ni sisi wenye minbari, masheikh, maimamu na walimu wa madrasa, kwa kuwa wauaji hawa wanazichukua aya tunazozisomesha na kuzivisha kazi yao. Sheikh anayenyamaza Ijumaa baada ya shambulio ana la kujibu. Fundi wa cherehani wa Majengo hana, na asibebeshwe.

Sasa ile alhamdulillah. Hapa panahitaji utulivu kidogo.

Ule wepesi unaoingia moyoni peke yake hauna dhambi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Allah ameusamehe umma huu yale ambayo nafsi inajisemesha, maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Nawe huna furaha ya watu kufa. Una hofu ya kutazamwa vibaya sokoni kesho asubuhi, na hofu hiyo ina sababu. Mwaka 1995 jengo la serikali lilipolipuliwa mjini Oklahoma City, Marekani, wakafa watu 168, vidole vya mwanzo vilielekezwa kwa Waarabu. Aliyefanya alikuwa Timothy McVeigh, Mmarekani aliyewahi kuwa askari wa nchi hiyohiyo. Tarehe 22 Julai 2011 watu 77 waliuawa Oslo na kisiwa cha Utøya, Norwe. Saa za mwanzo wapo wachambuzi waliokwisha kutaja Uislamu, kumbe muuaji alikuwa Mnorwe aliyedai anailinda Ulaya ya Kikristo dhidi yetu. Kwa hiyo sikwambii kwamba unajitungia hofu.

Lakini ile hamdu umeitamka kwa ulimi, na hapo pana kasoro. Jina la kizungu lililokutuliza lina maiti nyuma yake, na maiti hao wana mama zao. Mahali pake useme innaa lillahi, huku ukiuliza waliokufa ni kina nani. Usipoikumbuka idadi, si neno. Ninachokiogopa mimi ni kule kuzoea kusubiri jina kwanza ndipo uamue kama utahuzunika au la.

Mazoea hayo yana kisa chake katika Qur'ani, na natamani kingesomeshwa zaidi misikitini kwetu. Katika Surat An-Nisaa, kuanzia aya ya 105, wafasiri wengi wanaeleza habari ya mtu mmoja wa Madina, wa ukoo wa Banu Dhafar, aliyehesabiwa kuwa Muislamu. Aliiba dirii, vazi la chuma la vita, ya jirani yake, akaitia katika mfuko uliokuwa na unga. Mfuko ulikuwa umetoboka, unga ukawa unamwagika njia nzima. Alipoona atakamatwa, akaipeleka dirii kwa Myahudi mmoja aitwaye Zayd, akaiacha kwake. Watu wakaufuata unga, dirii ikakutwa kwa Myahudi. Ukoo wa mwizi ukaenda kwa Mtume kumtetea mtu wao, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba huyu ni wetu na yule ni Myahudi.

Zikashuka aya kumsafisha Myahudi. Mtume mwenyewe akaambiwa asiwe mtetezi wa wahaini, na aya ya 112 ikasema kwamba anayetenda kosa kisha akamtupia asiye na hatia amebeba uzushi na dhambi iliyo wazi. Fikiria Madina ya wakati ule, Waislamu wana uhasama na makabila ya Kiyahudi, siasa yote ilitaka mwizi awe Myahudi. Na bado wahyi ulishuka dhidi ya mwenzetu. Wale ndugu wa ukoo hawakuiba chochote. Walilaumiwa kwa kutanguliza ukoo kabla ya kutazama unga umetoka kwa nani.

Ndiyo maana sikubaliani na jibu la mume wako, ingawa najua anakutakia heri. "Yule si Muislamu" ni mlango mwepesi, tena ndio mlango wanaopitia wauaji wenyewe. Makhawarij, kundi lililomwasi Khalifa Ali, walianza kwa kuwatoa wenzao katika dini, wakamaliza kwa kuwachinja. Walimuua Abdullah, mtoto wa sahaba Khabbab, na mwaka wa 40 Hijria mmoja wao, Ibn Muljam, alimpiga Ali kwa upanga akamuua. Pamoja na hayo, imepokewa kwamba Ali mwenyewe alipoulizwa kama watu wale ni makafiri, alikataa kuwaita hivyo. Alisema ni ndugu zetu waliotuasi. Alipigana nao, akawaita waasi, ila hakudanganya kuhusu walikotoka.

Na sisi Watanzania hatuna sababu ya kudanganya. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Dar es Salaam, walikufa watu 11, na Nairobi siku hiyohiyo zaidi ya 200. Miongoni mwa waliokufa Dar walikuwamo watu wenye majina kama yako na yangu. Kati ya waliohukumiwa baadaye New York kifungo cha maisha walikuwamo Watanzania wawili waliotoka Zanzibar, na majina yao pia ni kama yetu. Yote mawili ni kweli. Aya ya 135 ya sura hiyohiyo ya An-Nisaa inatuamrisha kutoa ushahidi wa haki hata dhidi ya nafsi zetu. Basi sema hivi: alijiita Muislamu, na alichokifanya Uislamu umekiharamisha. Mtume amesema anayemuua mtu aliye katika ahadi ya amani hatainusa harufu ya Pepo. Ulinzi wa mama yule wa mboga uko katika hadithi hiyo, na ni vizuri ajue.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalisikia sana kwa vijana wetu, hata hapa Dodoma baada ya swala. Wakiambiwa "wenzenu", nao wanatoa orodha yao: na Kony, yule mwasi wa Uganda, je, na yule wa Norwe je? Ukimtupia mama wa Kianglikana wa Majengo damu ya Utøya, umemfanyia kilekile ulichomlalamikia. Yeye pia habebi mzigo wa mwingine. Na zile picha za maiti zinazozunguka kwenye makundi ya simu, zenye maneno "wamefanya hawa" kabla polisi hawajasema lolote, usizipeleke mbele. Aya ya 6 ya Surat Al-Hujuraat imekwisha kulisemea hilo: habari ichunguzwe kwanza, tusije tukawadhuru watu bila kujua.

Ukitaka mfano wa kumwambia jirani yako, tarehe 15 Machi 2019 Waislamu 51 waliuawa kutokana na shambulio la misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, wakati wa swala ya Ijumaa. Ijumaa iliyofuata maelfu ya wasio Waislamu walikusanyika jirani na msikiti, wanawake wengi wamejitanda mitandio, na adhana ikarushwa na redio na televisheni za taifa. Hakuna aliyewadai radhi. Walikuja kama watu wanavyokuja msibani kwetu, na sisi tukapokea. Na katika basi la Mandera, Kenya, Desemba 2015, Al-Shabaab walipoamuru abiria Wakristo watengwe, Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Muislamu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, akafariki mwezi uliofuata.

Basi mama yule akisema tena "wenzenu wamefanya", usimgombeze na usijikunyate. Huenda hana ubaya, anasema kama tusemavyo sote. Mpe pole kwanza, kwa kuwa na yeye ameogopa. Kisha mwambie kwa upole, "Mama, aliyefanya namkana, ila mwenzangu ni wewe niliyekaa nawe hapa." Akiwa na ndugu aliyefikwa na msiba huo, funga kibaraza siku hiyo, peleka rambirambi, ukae naye matangani. Kukaa nje ya kanisa wakati wa ibada yao kumsubiri mfiwa hakuna ubaya, na watu wa Kondoa wenye koo za dini mbili wamefanya hivyo miaka mingi.

Mumeo mpe salamu zangu. Akiona nimemkosea kuhusu Makhawarij, aje baada ya swala ya Alasiri tuzungumze.

Wallahu a'lam.