Moshi na ukali ni vitu viwili: kuchanganya jani la moshi kwenye tumbaku ya kiko

Ukipita barabara za magharibi mwa Kentucky, Marekani, mwezi wa Septemba utaona mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, yanafuka. Moshi unatoka paani, unatoka kwenye nyufa za mbao, unatambaa chini ya milango, na hakuna mtu anayekimbia na ndoo. Wageni hupiga namba ya dharura, 911, wakidhani nyumba ya mtu inateketea. Mimi mara ya kwanza nilisimamisha gari kando ya barabara, nikashusha kioo, nikanusa. Kwa dakika nzima nilikuwa kwetu Namtumbo, kusini mwa Tanzania.

Wasiojua: Tanzania tuna tumbaku za aina kadhaa, na jina la kila moja linatokana na namna inavyokaushwa. Tabora na Urambo ni ya mvuke. Joto linapita kwenye mabomba ndani ya bani na jani halionji moshi hata kidogo. Kwetu Songea na Namtumbo ni ya moshi. Magogo yanawekwa sakafuni mwa bani, yanafukizwa taratibu bila kuachiwa miale, na majani yananing'inia juu kwenye fito wiki baada ya wiki mpaka yanakuwa na rangi ya kahawa iliyoungua. Nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kuamka usiku kuchungulia kama moto haujashika. Nguo za shule zilinuka mwaka mzima.

Huku Kentucky na jirani yake Tennessee wanafanya vilevile, ila wao wanakata shina zima badala ya kuchuma jani mojamoja, na moto wao ni wa mwaloni na hikori uliofunikwa unga wa mbao usiwake. Eneo lenyewe linaitwa Black Patch, yaani kiraka cheusi, kwa ajili ya weusi wa jani hilo. Mwaka 1907, usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba, wakulima waliojifunika nyuso waliuteka mji wa Hopkinsville wakachoma maghala ya tumbaku, kwa hasira ya bei waliyokuwa wakipewa na wanunuzi wakubwa. Mtu yeyote aliyekaa kwenye mkutano wa chama cha msingi siku ya kutangazwa bei anaweza kuielewa hasira hiyo, bila kuusifu moto.

Basi. Nilikuwa navuta kiko tayari, tumbaku ya dukani. Baada ya siku ile nikaanza kununua jani zima kwa ratili na kuchanganya mwenyewe nyumbani. Nilikuwa na lengo moja tu: nipate ile harufu ya bani la baba ndani ya kiko. Nimekosea kwa miaka mitatu kabla sijaelewa nakosea wapi, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mchanganyiko wangu wa kwanza ulikuwa na jani la moshi asilimia 40. Nilifikiri hivi: nataka moshi, basi niweke moshi mwingi. Nikajaza kiko, nikakaa barazani baada ya kazi, tumbo tupu. Dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Halafu mate yakaanza kujaa mdomoni. Jasho jembamba likanitoka usoni na ilikuwa Oktoba, baridi. Nilijaribu kusimama, baraza likasogea. Mke wangu alinikuta kichwa kiko katikati ya magoti, akaniletea chai yenye sukari vijiko vinne, akasimama mlangoni akiniangalia. "Baba watoto," akasema, "umevuta tumbaku au umevuta bani?"

Sukari ilisaidia. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba hata harufu niliyoitafuta sikuipata. Nilipata ukali tu, kitu kama pilipili manga kooni, na moshi wenyewe ukapotea humo ndani.

Hili ndilo jambo ambalo mtu anayeanza kuchanganya lazima alitenganishe kichwani: moshi na ukali ni vitu viwili. Jani la moshi la Kentucky, au la Namtumbo, ni jani zito, lenye nikotini nyingi tangu shambani. Moto hauliongezei nikotini; unalipa harufu tu. Kwa hiyo kila unapoongeza jani ili upate harufu, unaongeza nikotini ambayo hukuiomba. Na pua inachoka haraka. Ukifika asilimia 20 hivi, pua yangu mimi haisikii tofauti tena, lakini tumbo linasikia.

Kuna jani jingine la moshi ambalo ni kinyume chake, Latakia. Jina limetoka kwenye bandari ya Siria, ingawa baadaye Saiprasi ndiyo iliyojulikana zaidi kwa jani hilo. Hilo ni jani dogo la jamii ya tumbaku za Kituruki, nikotini yake ni kidogo, na linafukizwa kwa misonobari na vichaka vya milimani vyenye harufu. Linanukia kama ubani uliomwagikia ngozi mpya ya viatu. Watu wanaweka asilimia 30, hata zaidi, na hawaanguki. Ukikuta maelekezo mtandaoni yanasema "weka theluthi moja ya jani la moshi", hakikisha kwanza ni jani lipi. Mimi nilisoma ya Latakia nikaitumia kwa ya Kentucky.

Lakini Latakia hainipi Namtumbo. Inanipa kanisa. Harufu ninayoitaka mimi ni ya samaki mbasa aliyebanikwa, wale wanaoletwa kutoka Mbamba Bay wamefungwa kwenye majani, na hiyo inatoka kwenye jani la kufukizwa kwa magogo ya kawaida. Kwa hiyo ilibidi nijifunze kuliweka kidogo na bado lisikike.

Nisimame hapa kidogo. Kama huvuti, usianze kwa sababu yangu. Tumbaku ni tumbaku, na ya moshi ina lake la ziada, kwa sababu masizi ya moto yanabaki kwenye jani na kemikali zinazohusishwa na saratani huwa nyingi humo kuliko kwenye ya mvuke. Mimi navuta kiko kimoja, Jumamosi, na moshi wa kiko haumezwi kama wa sigara. Unazungushwa mdomoni na kutolewa. Hiyo haiufanyi kuwa salama. Naandika kwa ambao tayari wana kiko mkononi na jani mezani.

Turudi kwenye mizani. Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu, usipime kwa macho wala kwa konzi. Mchanganyiko ninaoutumia sasa, kwa gramu 100, ni 72 za jani jekundu la mvuke, 18 za Burley, ambayo ni tumbaku iliyokaushwa kwa hewa, na 10 za jani la moshi. Anza na 5. Kweli, anza na 5, hata kama unajiona jasiri. Kuongeza ni rahisi, ila kulitoa jani lililokwisha kukatwa na kuchanganywa ni sawa na kutoa chumvi kwenye mchuzi.

Kuna mtego kwenye hiyo mizani ambao ulinisumbua sana. Jani la moshi mara nyingi linafika likiwa kavu kabisa, linapasuka ukiligusa, wakati la mvuke linafika laini lenye unyevu. Gramu 10 za jani kavu ni jani jingi zaidi kuliko gramu 10 za jani lenye maji. Nilikuwa nikifuata kipimo kilekile lakini mchanganyiko unatoka tofauti kila mara, mara mpole mara mkali, nikawa nalaumu muuzaji. Sasa nayaweka yote kwenye hali moja kwanza. Nayapulizia maji kidogo kwa ile chupa ya kunyunyizia maua, nayafunga kwenye mfuko wa plastiki usiku mmoja, asubuhi nayatandaza mpaka yakikunjwa yanakubali bila kuvunjika na bila kunata vidoleni. Hapo ndipo napima.

Usiruke jani la mvuke ukidhani la moshi litajitosheleza. Jani linapokauka polepole, kama letu, linabaki hai muda mrefu bila mizizi na linakula sukari yake lenyewe. La mvuke linakaushwa kwa joto siku chache, sukari inabaki humo. Kwa hiyo jani la moshi peke yake ni chungu na kavu kooni, halina cha kulainisha. Sukari ya jani la mvuke ndiyo inayoutandaza moshi mdomoni. Niligundua kwamba nikitumia jani jekundu lililokomaa badala ya lile la njano ya limau, gramu 8 za moshi zinasikika kuliko 15 za zamani. Lile la njano lina uchachu wa kama nyasi mbichi, linaufunika moshi wote. Hapo ndipo nilipopata nilichokuwa natafuta, na sikukipata kwa kuongeza kitu. Nilibadilisha jirani yake tu.

Kukata kuna siri ndogo. Toa uti wa kati wa jani, wote; uti wa jani la moshi ukiungua unanuka kama kamba ya katani. Kisha kata jani la moshi jembamba kuliko mengine. Ukilikata nene sawa na mengine, utavuta vizuri dakika tano halafu ghafla unakutana na kipande chake peke yake, kinakupiga. Likiwa jembamba linasambaa. Kisu kitanata, maana jani hili lina utomvu kama lami, hivyo weka kitambaa chenye spiriti karibu na usitumie kisu cha mke wako cha vitunguu. Nimeshaonywa.

Mchanganyiko ukishakuwa tayari, unaweza kuuweka kwenye chupa hivyo hivyo, lakini mimi naushindilia kwanza. Nina bati la kuokea mkate, ubao uliokatwa ukaingia ndani yake sawasawa, na jiliwa la seremala. Naulowesha mchanganyiko kidogo kuliko kawaida, naufunga kwenye karatasi ya alumini, naubana mpaka jiliwa linagoma, natia kwenye oveni nyuzi 80 za Selsiasi saa tatu, nauacha upoe ukiwa umebanwa usiku kucha. Asubuhi unatoka kama kipande cha sabuni ya mche, mweusi. Ukikata vipande vyembamba unaona mistari ya majani mekundu na meusi. Nyumba itanuka siku mbili. Fanya siku ambayo wenzako wamesafiri.

Baada ya hapo ni kusubiri, na hapa ndipo wengi wanakosa uvumilivu. Ukiuvuta siku hiyohiyo utasikia kila jani linasema lake, kama wanakwaya ambao hawajafanya mazoezi. Wiki tatu ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa, yanaanza kuelewana. Miezi sita ndiyo napenda zaidi. Lakini kadiri muda unavyokwenda, ule moshi wa juu, wa puani, unapungua, wakati ukali haupungui kwa kasi hiyo. Nilifungua chupa ya miaka mitatu nikakuta tumbaku nzuri sana, tamu, nzito, ambayo haikumbushi bani hata kidogo. Kwa hiyo ya kukaa muda mrefu naiwekea gramu 12, ya kuvuta mwaka huuhuu gramu 8 hadi 10. Na kabla ya kufunga, hakikisha haina maji mengi. Ukungu mweupe ukishaingia, tupa chupa nzima, usichambue.

Kuhusu kiko chenyewe: jani la moshi linaacha harufu kwenye mbao, na haitoki. Usijaribie kwenye kiko chako kizuri. Tumia cha gunzi, vile wanavyotengeneza kwenye mji wa Washington, jimbo la Missouri, tangu mwaka 1869. Ni rahisi, kinanyonya unyevu, na ukishindwa hujapoteza kitu. Mimi ninavyo vitatu, kimoja cha Latakia pekee, kimoja cha moshi wa kwetu, na cha tatu kwa kila kitu kingine. Nimeviandika kwa kalamu chini, maana nilishawahi kuvichanganya na tumbaku ya mvuke tupu ikawa na ladha ya padri.

Vuta baada ya kula, ukiwa umekaa. Vuta polepole kuliko unavyodhani ni polepole. Kiko kikipata joto mpaka hukiwezi mkononi, ukali unakuja wote mara moja na moshi wote mzuri umeungua. Kikizimika, kiache kizimike, utakiwasha tena. Na chai yenye sukari iwe karibu, hasa mara za kwanza.

Chupa niliyonayo sasa hivi rafuni ina karatasi imebandikwa: 72, 18, 10, jani jekundu, imebanwa, Februari. Andika hivyo kila mara, kila kipimo, hata kile unachoona huwezi kukisahau. Ile bora niliyowahi kutengeneza, iliyonifanya nimwite mke wangu aje anuse chupa na yeye akasema "hii ni kwa mama mkwe kabisa, jikoni," sikuandika. Najua tu ilikuwa chini ya 10.