Mabomba chakavu ya visima: kupima kwa nje kunatosha?

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama kupitisha kipimamionzi juu ya mabomba chakavu ya visima vya mafuta, kabla hayajapakuliwa bandarini, kunatosha. Kwa ukoko wa radiamu (madini yenye mionzi yatokayo ardhini), ule mgumu kama wa ndani ya birika, kunasaidia, maana mionzi yake ya gama hupenya chuma. Pima kwanza mionzi ya kawaida ya mahali, mbali na mzigo, kisha pitisha kifaa sentimita 1 hivi kutoka kwenye bomba. Polepole kweli, ukiharakisha, doa dogo linakupita.

Hatari zaidi ni vifaa vya gesi. Humo hubaki utando mwembamba wa risasi-210 (aina ya madini ya risasi yenye mionzi), na mionzi yake takriban yote huishia kwenye chuma. Lazima vifunguliwe, vipimwe ndani vikiwa vikavu, kwani hata maji kidogo huzuia mionzi ya alfa. Tafadhali asikwangue mtu wala kukata kwa moto: vumbi lake likivutwa ndilo linaloumiza.

Tope linalotoka ndani ya mabomba au vifaa hivyo lifungwe kwenye kopo lisilopitisha hewa, likae siku 21 ili radoni (gesi inayotokana na radiamu) ijikusanye, ndipo lipimwe maabara. Radiamu-226 ikizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 1 kwa gramu, mzigo usiuzwe. Itwe Tume ya Nguvu za Atomiki.