Tulisema "hasikii"

Mtu akileta redio kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Katuba, Lubumbashi, nchini Kongo, neno lake la kwanza ni "imekufa". Mimi namuuliza: ukiiwasha, taa inawaka? Inakoroma au imenyamaza kabisa? Ilianza kabla ya mvua au baada? Yuleyule aliyesema imekufa atanieleza kila ninachohitaji, na mara nyingi ni waya wa betri umeachia.

Fundi huyohuyo alikaa karibu mwaka mzima akisema mtoto wake hasikii.

Mnajua wenyewe Kiswahili kilivyo. Mtoto asiyetii hasikii. Mtoto kiziwi naye hasikii. Mimi nilishika maana ya kwanza na sikuiachilia. Kijana wangu alikuwa na miaka miwili na miezi minane, maneno yake yote yalikuwa "mama" na kitu kama "ba" kilichomaanisha maji, baba, na mlango. Ukimwita akiwa uani anachimba mchanga, haji. Ukimkataza kugusa mbabula, jiko la makaa, anagusa huku amekupa mgongo. Nilimchapa kwa babushi, yaani ndala. Naandika hivyo kwa sababu mzazi anayesoma hapa huenda naye ana babushi mkononi.

Ushauri haukukosekana. Mama mkwe alisema kamba ya chini ya ulimi ikatwe. Kambo yangu, yaani bibi yangu, alicheka, akasema hata mimi nilichelewa kusema na sasa sinyamazi. Jirani alisema tatizo ni simu, ingawa mtoto hana simu. Halafu akaja mtu wa maombi, kijana mwenye suti, akaketi, akanywa maji yetu, akasema kuna mtu wa ukoo anakaa juu ya ulimi wa mtoto usiku. Akataka kujua mtoto alilala wapi mwezi ule aliozaliwa mdogo wake. Mke wangu alisimama, akafungua mlango, akaushikilia wazi mpaka mgeni akaelewa.

Hapo niseme jambo moja bila kuzunguka. Katika mji wetu, neno "uchawi" likishatamkwa juu ya mtoto halirudi kirahisi. Watoto wengine walioanza hivyo leo wanalala nje. Katiba yetu ya 2006, ibara ya 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 iko upande wake. Anayekuja nyumbani kwako na habari hiyo hakuletei ushauri. Fungua mlango kama mke wangu.

Tulichokuwa tukikitafuta kilikuwa karibu, na nilikifikia kwa bahati. Mdogo wake alikuwa ametimiza wiki sita, siku ya sindano yake, na mama yao alikuwa ameshikwa na malaria. Nikawabeba wote wawili mpaka kituo cha afya, siku ya kupima watoto. Benchi zote zilikuwa za wamama. Walinitazama kama mtu aliyepotea njia, mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Leo papa amekuja!" wakacheka, na mimi nikasimama saa nzima karibu na ukuta, mtoto mchanga mkononi, mkubwa ameshika kamba ya suruali yangu.

Siku hiyo walikuwa wakionyesha namna ya kupika uji wa mahindi na soya. Mama wa mizani, yule anayening'iniza watoto kwenye kaputula ya kitambaa na kusoma kilo, alimwita kijana wangu kwa nyuma. Kimya. Akaita tena. Akaenda kuchukua mfuniko wa sufuria ya uji, akarudi polepole nyuma yake, akaupiga kwa mwiko.

Watoto wachanga wote walishtuka, watatu wakaanza kulia. Hata mimi niliruka. Wangu aliendelea kuvuta kamba ya suruali.

"Papa, huyu mutoto anasikiaka?"

"Hapana, mama. Ni kichwa nguvu kabisa."

"Sikuuliza kichwa nguvu, papa. Nauliza masikio."

Kisha akauliza kama masikio yaliwahi kutoa maji. Yalikuwa yakitoa tangu msimu wa mvua, yakikauka, yakirudi. Nyumbani tulikuwa tukitia mafuta ya ngazi, yaani mawese, ya uvuguvugu. Akaniambia tuache mafuta siku hiyohiyo. Usaha ukitoka sikioni siku 14 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu na mtoto anapaswa kuonwa. Nyumbani kazi ni kulikausha sikio kwa kitambaa safi kinachonyonya maji, kilichosokotwa kama utambi, unakiweka, kinalowa, unakitoa, unaweka kingine, mpaka kitoke kikavu. Hakuna kuchokoa kwa njiti. Alinionyesha kwa kona ya kitambaa chake mwenyewe.

Sikwenda pale kutafuta ushauri wa malezi. Lakini kama unauliza uanzie wapi katika Lubumbashi, jibu langu ni hilo: siku ya kupima watoto, kwenye kituo cha afya cha eneo lako. Wengi wanadhani ni mahali pa sindano tu, na mtoto akishapata ya surua hawarudi tena. Kupima ni mpaka miaka mitano. Wale wamama wa mizani wameona watoto elfu kwa elfu. Wanajua mtoto wa umri fulani anapaswa kufanya nini, na wanaona kwa jicho moja yule asiyefanya. Muulize mtu wa kituo siku yao ni ipi, kila kituo kina yake, au tazama karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Sasa kuhusu namna ya kuuliza, hapo ndipo niliposomea. Ukifika na jina ulilolipa tatizo, jina hilo linachagua mlango kabla yako. Nikisema "mkaidi", utanipa fimbo. Nikisema "amerogwa", utanipeleka kwenye mkesha. Nikisema "hageuki ukigonga sufuria nyuma yake, masikio yanatoa maji tangu Novemba, ana maneno mawili", hakuna pa kunipeleka isipokuwa kwa muganga wa masikio, yaani daktari wa hospitali. Andika ulichokiona, tangu lini, mara ngapi. Mimi nilinunua kaye, daftari la kurasa 48, na kila jioni nikaandika mstari mmoja. Sina elimu ya hospitali, lakini yule muganga alipoisoma alivuta kiti karibu.

Mwishoni mwa kila mlango nilikuwa na swali lingine: "Nikitoka hapa, naenda kwa nani?" Bila swali hilo utarudi nyumbani na karatasi usiyoijua kazi yake. Zone ya afya imegawanywa katika maeneo, kila eneo na kituo chake, na juu yao kuna hospitali kuu ya zone. Kituo kikikuandikia karatasi ya kukuhamisha, ibebe kama pasi. Mara ya kwanza nilikwenda hospitalini bila hiyo, nikijiona mjanja, nikazungushwa madirisha matatu mpaka saa nane, nikarudi kuichukua. Hospitali siitaji, kosa lilikuwa langu kwa sehemu kubwa.

Kuna pia wale wa kujitolea wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba, wanaoitwa relè. Kwetu ni mzee anayeuza makala, makaa ya kupikia, kwenye kona. Miaka minne nilinunua makala kwake bila kujua. Ndiye aliyejua siku gani muganga wa masikio anakuja na ufike saa ngapi. Waulize majirani nani ni relè wa avenyu yenu. Ukikosa, muulize shefu wa katiye, mkuu wa mtaa.

Kwenye komini, ofisi za serikali za wilaya ya mji, kuna ofisi ya mambo ya jamii. Niliona haya kuingia, nikadhani ni ya wajane na walemavu tu. Wasaidizi wa jamii wa pale wanashughulikia mabishano ya matunzo ya mtoto, mtoto aliyetelekezwa, baba aliyekimbia, na ndipo mtu asiye na uwezo kabisa anapoomba cheti cha ufukara cha kuonyesha hospitalini. Cheti hicho hakifungui kila dirisha, ila bila hicho huna hata pa kuanzia mazungumzo. Mambo yakifika mbali, kuna tribunali, yaani mahakama, ya watoto, iliyoletwa na ile sheria ya 2009. Watu wanaiogopa kwa jina lake, wakidhani ni ya kuwahukumu watoto tu, kumbe inaamua pia nani amlee mtoto na nani alipe.

Kuzaliwa kwa mtoto kunaandikwa bila malipo ndani ya siku 90. Mimi kwa yule mdogo niliombwa "ya wino" kwenye komini moja, nikalipa kwa sababu nilikuwa na haraka, na mpaka leo inaniuma. Siku hizo zikipita unahitaji hukumu ya tribunali, na hapo makuta, yaani pesa, yanatoka kweli. Nenda mapema, ukiombwa ya wino sema kwa upole unataka risiti. Mara nyingi wino unapatikana.

Kambo yangu akinisikia nikieleza milango hii yote anasikitika. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi, baadaye ikaitwa Gécamines. Kwenye kambi ya wafanyakazi, anasema, huhitaji kutafuta: kuna hospitali ya kampuni, shule ya kampuni, na fwaye, nyumba ya mafunzo ya wanawake, ambako masista waliwafundisha wanawake kuosha mtoto, kushona, kupika. Usipompeleka mtoto kupimwa, wanakuja kukuuliza. Anakumbuka uji, hasemi sana habari ya kuulizwa. Mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi waliondoka Gécamines katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na mambo mengi yaliyokuwa yakimfuata mzazi nyumbani yakageuka kuwa ya kutafutwa kwa miguu. Kwa hiyo akisema "zamani tulilea vizuri", najua sehemu ya kulea huko ilikuwa ya kampuni.

Makanisa nisiyaweke yote kapu moja na yule kijana wa suti. Parokia nyingi zina kituo chao cha afya. Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki, wana nyumba za Bakanja kwa watoto wa barabarani. Mafrere wa Charité, watawa wengine, wana kituo cha Joseph Guislain kwa magonjwa ya akili na kifafa. Watu wanakiita nyumba ya vichaa na kuogopa kuonekana getini. Kwenye benchi ya hospitali nilikaa na mama ambaye binti yake alikuwa akianguka tangu ana miaka minne. Alizunguka mikesha miwili mitatu kabla ya mtu kumwambia kifafa kina vidonge. Alinionyesha boksi la vidonge ndani ya mkoba kama mtu anayeonyesha picha ya harusi.

Teksi, kadi, dawa, teksi tena: ililipwa na likelemba ya mke wangu, upatu wa wanawake wanaochanga pesa na kupokea kwa zamu. Zamu haikuwa yake. Aliyekuwa na zamu, muuza vitumbula, alimwachia. Sijui ofisi yoyote mjini inayoamua haraka hivyo.

Muganga alikuta maji nyuma ya ngoma ya sikio upande mmoja, na tundu kwenye ngoma upande wa pili. Dawa, kukausha, kurudi, kukausha tena. Sikio la kushoto limefunguka vizuri. La kulia tunarudi nalo Februari. Na nikafundishwa kuongea na mtoto wangu, jambo ambalo sikujua linafundishwa: chuchumaa, uso wako mbele ya uso wake, zima redio kwanza (kwa fundi wa redio, hiyo ilikuwa amri ngumu), sema maneno machache, subiri. Kusubiri ndiko kugumu. Unahesabu mpaka kumi kimoyomoyo na mdomo wako unawasha.

Sasa ana maneno mengi kuliko kurasa za kaye. La kwanza jipya halikuwa "papa", kama mnataka kujua. Lilikuwa "Katubaa!", kwa sauti ya wale wanaopakia teksi barabarani, saa kumi na mbili asubuhi, tukiwa bado tumelala.

Kesho ni siku ya kupima kwetu. Mdogo wake ametimiza miezi tisa, sindano ya surua. Nakwenda mimi, mke wangu ana soko, na stuli yangu ya kibandani iko tayari mlangoni.