Kabureta za MGB: usiamini kibati peke yake

Ukitaka kununua MGB, lile gari dogo la michezo la Kiingereza, ukafungua boneti na kukuta kabureta mbili za SU (jina la mtengenezaji) zimekaa pamoja, usiharakishe kutoa pesa. Gari hizi ziliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na nyingi zimepitia kwa mafundi waliofunga chochote kilichopatikana.

Mimi huanza na gari lenyewe. Namba ya chesi ikianza na GHN3, hiyo ni ya wazi, kabla ya mabadiliko ya mwishoni mwa 1967. GHD ni GT yenye paa. Kisha soma namba ya injini: 18G na 18GA ni za mwanzo, 18GB yenye beringi tano za kranki ilianza mwishoni mwa 1964. Chesi na injini zikipingana, kuna uwezekano kabureta zilikuja na injini nyingine.

Sasa aina za kabureta za SU. HS4 ina bakuli la petroli kando, na bomba jembamba la nailoni linalopeleka petroli kwenye jeti, yaani tundu dogo inakotokea petroli. HIF4 haina bakuli la kando. Liko ndani ya kabureta, na chini utaona bamba la duara lenye skrubu nne. HIF4 zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo MGB ya 1965 yenye HIF4 imebadilishwa, hakuna mjadala. Za Marekani kuanzia modeli ya 1975 zilifungwa kabureta moja tu ya aina nyingine, Zenith-Stromberg, kwa sababu ya sheria za moshi. Ukikuta SU mbili kwenye gari kama hilo, kuna mtu amezifunga baadaye, na kusema kweli simlaumu.

Ile 4 ina maana yake: inchi moja na sehemu nne za nane, yaani inchi moja na nusu, kama milimita 38. Pima koo la kabureta kwa kalipa. HS2 ni inchi moja na robo, na HS6 ni moja na robo tatu.

Tuje kwenye kibati, ambacho wauzaji hupenda kukuonyesha kwanza. Ni kipande kidogo cha alumini kinachobanwa na skrubu ya kifuniko cha bakuli, chenye namba inayoanza na AUD. AUD 52, kwa mfano, ni ya MGB za mwanzo. Shida ni kwamba kinashikwa na skrubu moja tu, na vibati vipya vinauzwa. Kwa hiyo mimi huangalia skrubu kabla ya namba. Kama kichwa chake kinang'aa na kina alama mbichi za bisibisi, huku jirani zake zimeshikwa na utando wa kahawia wa petroli ya zamani, kibati hicho hakijakaa hapo muda mrefu. Kilichokaa miaka mingi huacha umbo lake kwenye kifuniko ukikiinua.

Mwenye gari akikuruhusu, toa pistoni ya kabureta usome alama kwenye shina la sindano yake, ile inayopima petroli inayopita. Za mwanzo zilikuwa MB, baadaye 5. Pistoni na kofia yake hulinganishwa kiwandani, kwa hiyo usichanganye za mbele na za nyuma unaposafisha.

Jihadhari pia na HS4 za Mini na Morris Marina. Ukizitazama haraka ni zile zile, lakini pembe ya bakuli huweza kutofautiana. Likikaa limeinama, kimo cha petroli hakiwi sahihi. Na kabureta mbili za MGB ni za mkono tofauti, kulia na kushoto. Zikiwa za mkono mmoja, moja ni mgeni.

Kibati kisicho sahihi juu ya HS4 sahihi hakinifanyi nikatae gari. Kampuni ya Burlen ya Salisbury, Uingereza, bado inatengeneza spea za SU. Ninachopunguzia bei kwa nguvu ni shafti ya throto (kile kifimbo kinachozungusha mlango wa hewa wa kabureta) iliyolegea: ishike, itikise juu na chini. Ikicheza, hewa inaingia pembeni, na injini haitatulia ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, hata namba ya kibati ikiwa sahihi.