Alaimenti mara tatu na gari bado linavuta kushoto: kabla hujanunua matairi

Ndugu yangu, umesema Toyota Fielder yako ya 2013 imefanyiwa alaimenti (kupimwa na kurekebishwa kona za magurudumu) mara tatu tangu Agosti, kila mara mahali tofauti, na bado inavuta kushoto, tena tairi la mbele kushoto limeliwa upande wa ndani mpaka waya zinachungulia. Walionitangulia kukujibu wamekwambia ununue matairi manne mapya. Usinunue bado. Kuweka matairi mapya kwenye gari lililo katika hali hiyo ni kujaza maji kwenye pakacha.

Mimi si fundi. Nimeendesha teksi hapa Nairobi miaka saba, gari lenyewe ni Fielder kama lako, na ninayokueleza nimeyalipia kwa mfuko wangu.

Mwaka 2021, mvua za masika zikielekea kuisha, niliingia shimo Eastern Bypass usiku. Lilikuwa limejaa maji, sikulijua ni shimo mpaka nilipolisikia kwenye meno. Asubuhi usukani ulikuwa umeinama kulia ilhali gari linakwenda moja kwa moja. Nikapeleka alaimenti. Kijana akafunga vichwa vya mashine kwenye rimu, akazungusha nati mbili tatu, dakika kumi na tano: "Iko sawa, bosi." Na kweli ilikuwa sawa. Siku nne. Siku ya tano niko Jogoo Road na usukani unaniomba ruhusa ya kwenda kushoto. Nikarudi, akaniambia barabara ni mbaya. Pahali pa pili wakasema ni tairi. Pahali pa tatu wakanitoza tena elfu moja na mia tano, wakanipa karatasi yenye rangi ya kijani kila mahali, na baada ya wiki tukarudi palepale.

Aliyenitoa gizani hakuwa hata na mashine ya alaimenti. Ni mzee mmoja wa Industrial Area, ana kibanda kwenye kichochoro kinachotokea Enterprise Road, ovaroli yake ilishasahau rangi. Sikumaliza kujieleza. Alimwita mwanafunzi wake aingie kwenye gari langu, akaniambia, "Kijana, chuchumaa hapa kando yangu, tazama gurudumu, usitazame dereva." Yule mwanafunzi akasogeza gari mbele polepole, akashika breki ghafla. Akarudi nyuma, akashika breki. Mbele tena.

Niliona kwa macho yangu. Kila breki iliposhikwa, gurudumu la kushoto lilihama kidogo kutoka mahali pake, kama upana wa kidole, ndipo likatulia. La kulia halikufanya hivyo. Halafu mzee akapiga jeki, akaweka kigingi, akachomeka mtaimbo kati ya loa amu (mkono wa chuma wa chini unaoshika gurudumu) na chasisi akausukuma kwa mkono mmoja tu. Ile bushi kubwa ya nyuma ya loa amu, yaani mpira unaoiunganisha na chasisi, ilikuwa imepasuka nusu duara. Nikiinama vizuri niliona mwanga wa upande wa pili kupitia ufa.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo watu watatu wenye kompyuta hawakuniambia. Mashine hupima gari lililosimama, na tairi huliwa na gari linalokwenda. Bushi ikishakufa, gurudumu halina makao. Ukiegesha gari juu ya mashine linakaa mahali fulani, fundi anarekebisha kona zake vizuri kabisa, karatasi inatoka kijani. Ukitoka getini ukashika breki ya kwanza, gurudumu linahama, na zile kona ulizolipia zimebaki kule gereji.

Siwalaumu wote. Wapo wa alaimenti ambao kabla ya kugusa kompyuta hulitikisa gari kwanza, wakikuta kitu kimelegea wanakwambia katengeneze kisha urudi. Anayekataa pesa zako namna hiyo, shika namba yake ya simu. Wengine hulipwa kwa hesabu ya magari waliyoyatoa siku hiyo, kwa hiyo usitegemee achuchumae.

Sasa wewe. Kabla ya kuingia kwa fundi yeyote, ondoa kwanza mambo ya bure. Pima upepo asubuhi matairi yakiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usifuate mtu wa pancha anayejaza kwa kukisia. Tairi la kushoto lenye upepo mchache peke yake linatosha kuvuta gari. Kisha badilisha matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, mradi si yale yenye mshale wa upande mmoja. Hilo lako lenye waya usilifanyie jaribio, weka tairi la akiba. Gari likianza kuvuta kulia, tatizo ni tairi lenyewe. Na ukishaendesha kama dakika ishirini bila kushika breki sana, sogeza kiganja karibu na rimu moja moja. Moja ikiwaka moto kuliko wenzake, breki ya upande huo imeng'ang'ania, na hakuna alaimenti itakayotibu breki.

Pia kumbuka lami huinamishwa kuelekea ukingoni ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto. Gari zima kabisa likiachiwa usukani litateremka kushoto polepole. Kwa hiyo jaribu mahali tambarare, uwanja wa kuegesha magari Jumapili asubuhi kwa mfano. Lako kwa maelezo yako limepita hapo, kwa sababu tairi haliliwi mpaka waya kwa mteremko wa lami.

Kuna mtu hapo juu amesema usukani wake unatetemeka, naye akaambiwa afanye alaimenti. Hapana. Gari lenye alaimenti mbaya huvuta au hula matairi. Usukani unaotetemeka ukifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa na zaidi, mara nyingi ni balansi (uzito wa gurudumu haujasawazishwa), au rimu imepinda. Mimi hujaribu kwenye Expressway kutoka Mlolongo kuja Westlands, lami ni laini na mwendo unaoruhusiwa ni huohuo 80.

Turudi chini ya gari. Jeki ikishainua mbele (na usiingize mwili chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, hata kwa sekunde mbili), shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise. Likicheza, shuku raki ya usukani au tairodi endi, yaani ncha ya fimbo ya usukani (tairodi) inayogeuza gurudumu. Shika juu na chini utikise. Likicheza hapo, ni beringi au bolijointi (kiungo cha mviringo kwenye ncha ya loa amu). Lakini bushi ya loa amu haionekani kwa kutikisa kwa mkono. Ndiyo maana wengi huipita. Inataka mtaimbo, au ile breki ya mbele na nyuma.

Utakutana na fundi atakayekuuzia linki za stabilaiza (vijiti vya kuzuia gari kulala kwenye kona) kabla hajapiga jeki. Linki zilizokufa hupiga kelele, kok kok kok, kila ukipita matuta madogo, na ukizibadilisha raha inarudi kweli. Ila hazivuti gari. Mimi nilinunua jozi kabla ya kumpata yule mzee, kelele ikaisha, gari likaendelea kuvuta kimyakimya.

Shokabsoba ni habari nyingine. Iliyovuja mafuta utaiona imelowa na kushika vumbi, na tairi lake huliwa kwa mabonde mabonde kuzunguka duara, si upande mmoja. Badilisha mbili za mbele pamoja au mbili za nyuma pamoja, na ukifungua za mbele tazama maunti za juu (vishikizo vyake vya mpira), kwa maana kazi ya kufungua ni ileile.

Sasa spea. Utaenda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea, kama sisi sote. Kwa bushi una njia mbili, kununua bushi peke yake ikashindiliwa kwa mashine kwenye loa amu yako ya zamani, au loa amu nzima mpya yenye bushi na bolijointi zake. Njia ya tatu ambayo watakusukumia ni loa amu ya ex-Japan, yaani iliyotumika ikaletwa kutoka Japani. Chuma chake ni kizuri, sikatai. Lakini mpira huzeeka hata gari likilala. Unanunua bushi yenye umri sawa na ile unayoitoa, tena bila kujua iliishije. Mimi niliweka bushi mpya pande zote mbili, kushoto iliyopasuka na kulia iliyokuwa bado inapumua. Bolijointi zangu zilikuwa nzima. Zako zikicheza, usihangaike na kushindilia, nunua loa amu nzima.

Lililonishangaza zaidi siku ile lilikuwa mwisho wa kazi. Bushi zimeshaingia, loa amu zimerudi mahali pake, na mzee akakataa kukaza boliti zake. Alizishika tu kwa vidole. Akateremsha gari, akalisukuma mara mbili tatu juu chini, akaliingiza magurudumu juu ya mbao nene apate nafasi, kisha akalala chini na spana akakaza gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Nikamuuliza kwa nini anajitesa. Akachukua ile bushi ya zamani, akanionyesha: mpira umegandamana na chuma cha ndani na chuma cha nje, hauzunguki, unajipinda tu. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia hewani, umeuambia mpira kwamba hapo ndipo nyumbani. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Miezi michache umepasuka, na utasema spea za Kirinyaga Road ni feki. Nyingine ni feki kweli, lakini ngapi zimeuawa na spana? Kwa hiyo muulize fundi wako swali hilo moja kabla ya kazi: boliti za loa amu unakazia wapi, hewani au chini? Jibu lake litakutosha.

Baada ya hapo ndipo uende alaimenti, mara moja tu. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na vya baada. Ya baada peke yake ni picha ya harusi, kila mtu anatabasamu. Kwenye Fielder ya magurudumu mawili ya kuvuta, kinachorekebishwa ni tou ya mbele, yaani vidole vya magurudumu, kama yanatazama ndani au nje, kwa kuzungusha tairodi. Nyuma ni boriti moja iliyoshikana, hakuna nati ya kurekebishia. Kupima nyuma kuna faida, kunaonyesha kama boriti imepinda au imekaa upande, lakini akikutoza kwa "kurekebisha magurudumu manne" muulize ya nyuma amezungusha nati ipi. Wenye Subaru msinirukie, zenu nyuma zinarekebishika.

Kemba, ile kona ya gurudumu kulala ndani au nje kama mguu wa meza iliyochoka, kwa mbele haina marekebisho ya kiwandani kwenye gari letu. Ikiwa nyekundu kwenye karatasi baada ya bushi mpya, kuna kitu kimepinda: shokabsoba, loa amu au nakoli (chuma kinachobeba gurudumu). Boliti za kemba zipo na hufanya kazi kwa tofauti ndogo. Lakini nimeona mtu akileta mnyororo na jeki anyooshe kwa nguvu. Ukiona mnyororo, chukua ufunguo wako.

Usukani ukitoka umeinama, usikubali kuambiwa utazoea. Maana yake hakuufunga katikati kabla ya kuzungusha tairodi, au alizungusha upande mmoja. Jaribu barabarani siku hiyohiyo, urudi siku hiyohiyo.

Kuhusu tairi lako, kabla hujalitupa, lipapase. Pitisha kiganja juu ya kashata zake (vipande vya mpira vinavyogusa barabara) kutoka nje kwenda ndani, kisha urudishe kutoka ndani kwenda nje. Kama upande mmoja ni laini na upande mwingine unakwaruza kama msumeno, ni tou. Kama limeliwa ndani tu lakini ni laini pande zote, kemba inahusika. Langu lilikwaruza.

Hesabu yangu kwa shilingi ilikuwa hivi: alaimenti tatu za mwanzo 4,500, linki zisizo na hatia 2,400, tairi moja 6,500. Bushi za pande zote mbili, kushindilia na kazi ya mzee, 4,800. Alaimenti ya nne 1,500, na hiyo ilikaa mwaka na miezi.

Uliuliza pia kama uinue gari kwa vipande vya mpira juu ya springi kwa sababu ya matuta ya Ruai. Ukiinua, kona zote zinabadilika na lazima upime upya. Mimi singeinua gari ambalo sijajua linaumwa nini.

Jumamosi kabla hujaenda popote, mpe mtu mwingine usukani, umwambie mbele, breki, nyuma, breki, polepole. Wewe chuchumaa pembeni, usikae mbele wala nyuma ya gari, upige video ya gurudumu la kushoto. Iweke hapa tuione.